Saratani ya Mlango wa Kizazi na Wajibu wa Wanaushirika

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Wanawake katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



 Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, za mbegu, za bei na za madeni yaliyolipwa. Nasi tumewasikiliza kwa furaha, kwa maana hayo ndiyo matunda ya jasho letu sote. Lakini hesabu ya Chama haikamiliki kwa kuhesabu marobota peke yake. Pamba hupandwa na watu, hupaliliwa na watu, na huchumwa na watu. Na kila aliyepita mashambani wakati wa kuchuma ajua ya kuwa mikono iliyo mingi katika mistari ile ni mikono ya wanawake. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuseme habari za maradhi yanayowaondoa wanawake hao katikati ya umri wao, nayo ni saratani ya mlango wa kizazi.

Twafahamu kwamba si desturi kulitaja jambo hili mbele ya baba na binti, au mkwe na mkwewe. Tutalitaja kwa adabu, lakini tutalitaja. Kwa sababu jambo lisilotajwa mkutanoni halina kamati, halina fungu la fedha, wala halina tarehe ya kutekelezwa.

Kwanza na tuyajue maradhi yenyewe. Mlango wa kizazi ni ile shingo nyembamba iliyo chini ya mfuko wa uzazi. Karibu saratani zote za mahali hapo huanzishwa na virusi viitwavyo papiloma, ambavyo madaktari huviandika kwa herufi tatu, HPV. Virusi hivyo hupita kutoka kwa mtu mmoja hata mwingine katika maingiliano ya mume na mke, navyo vimeenea sana, hata watu walio wengi, wanaume kwa wanawake, huvipata wakati fulani wa maisha yao. Basi kuvipata si alama ya uasherati, wala si sababu ya kumnyoshea mtu kidole. Mara nyingi mwili wenyewe huvishinda kabla ya miaka miwili kupita. Lakini kwa baadhi ya wanawake virusi hivyo hukaa, na chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hata 20 kabla ya kuwa saratani. Na kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, yaweza kuchukua miaka 5 hata 10 tu.

Hapo ndipo lilipo tumaini letu. Ni maradhi machache yanayotupa muda mrefu namna hiyo wa kujitayarisha. Nasi wakulima wa pamba hatuhitaji kufundishwa maana ya kukagua mapema. Funza wa vitumba hangojwi mpaka vitumba vipukutike. Mkulima hodari huingia shambani, hukagua mche baada ya mche, na akiona mayai hupiga dawa. Asiyekagua hutazama shamba la kijani kibichi akasema ni salama, kumbe ndani ya kitumba funza amekwisha kuingia. Vivyo hivyo mwanamke mwenye mabadiliko ya awali hasikii maumivu yoyote. Hulima, hupika na kuchota maji kama kawaida yake.

Dalili zionekanapo, mara nyingi maradhi yamekwisha kuendelea: damu baada ya maingiliano, au kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya kiuno, ya nyonga na ya miguu. Aliye na dalili hizo asingoje siku ya kampeni, bali aende hospitali mara moja. Lakini asiye na dalili yoyote ndiye hasa tunayemwita leo akapimwe.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka wa 2022 wanawake wapatao 660,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani hii, na wapatao 350,000 walifariki. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, zaidi ya 90 vilitokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Hapa Tanzania makadirio ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kama hii katika nchi yetu.

Wako watu ambao wakisikia hesabu hizo husema kwamba haya ni maradhi ya watu weusi, kana kwamba yameandikwa katika ngozi yetu. Neno hilo twalikataa. Na ushahidi wa kulikataa twaupata kwa dada zetu weusi wa Marekani, nchi ambayo haikupungukiwa na madaktari wala fedha, lakini wanawake weusi hufa kwa saratani hii kwa kiwango kikubwa kuliko weupe.

Twataka kumtaja mmoja wao, kwa kuwa alikuwa mkulima kama sisi. Bibi Henrietta Lacks alizaliwa mwaka wa 1920 katika jimbo la Virginia, akalelewa na babu yake huko Clover, na tangu utoto alifanya kazi ya shamba la tumbaku. Baadaye alihamia Maryland pamoja na mumewe, na watoto wake kwa jumla walikuwa 5. Mwezi wa Januari mwaka wa 1951 alikwenda katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, iliyopokea watu weusi katika wodi zilizotengwa. Madaktari walikuta uvimbe katika mlango wa kizazi. Walimtibu, lakini maradhi yalishinda, naye alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, akiwa na umri wa miaka 31. Tena yafaa kukumbuka kwamba kipimo cha kuyaona mabadiliko ya awali kilikuwa kimekwisha kuandikwa na Dkt. George Papanicolaou na mwenzake tangu mwaka wa 1941. Elimu ilikuwapo miaka 10 kabla ya kifo cha mama yule. Ila ilikuwa haijaenea hata kuwafikia watu wa hali yake.

Kipande cha uvimbe wake kilipelekwa maabara pasipo yeye kuombwa ruhusa. Chembe zile zikafanya jambo ambalo chembe za binadamu hazikuwa zimepata kulifanya: ziliendelea kuishi na kuongezeka nje ya mwili, na hata leo zaongezeka. Zilitumika katika kuipima chanjo ya polio na katika kazi nyingi nyingine za utabibu, ilhali jamaa zake hawakupata habari mpaka miaka ya 1970. Katika miaka ya 1983 na 1984 Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walizitambua aina mbili za virusi vya papiloma, yaani aina ya 16 na aina ya 18, zinazosababisha saratani hii kwa wagonjwa wapatao 7 katika kila 10. Nayo aina ya 18 ilionekana ndani ya chembe za Bibi Henrietta mwenyewe. Kwa ugunduzi huo Profesa zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2008. Kutokana na maarifa hayo chanjo ilitengenezwa, nayo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006. Mnamo Oktoba 2021, miaka 70 baada ya kifo chake, Shirika la Afya Duniani lilimpa Bibi Henrietta tuzo ya heshima, na mwanawe akaipokea.

Je, mambo yamenyooka tangu wakati ule? Mwaka wa 2018 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya jimbo la Alabama, nchi ya pamba tangu zamani. Lilieleza kwamba wanawake weusi wa jimbo lile walikuwa wakifa kwa saratani hii kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya weupe. Sababu zilizoandikwa humo, ndugu wanachama, zingeweza kuandikwa na karani wa chama chetu cha msingi chochote: daktari wa wanawake yuko mbali, usafiri hakuna, fedha za matibabu hazitoshi, mgonjwa hana imani na hospitali, habari za kinga hazikumfikia.

Basi tofauti kati ya anayepona na anayekufa haimo katika rangi ya mtu. Imo katika umbali: umbali wa njia, umbali wa fedha, na umbali wa imani kati ya mgonjwa na mganga. Nao umbali ni jambo ambalo wanaushirika twalifahamu. Mkulima aliye mbali na soko hunyonywa na mlanguzi. Ndiyo maana tulijenga maghala na vituo vya kununulia pamba karibu na mashamba. Tuliyoyafanya kwa pamba, hatuna sababu ya kushindwa kuyafanya kwa mama zetu, wake zetu na binti zetu.

Kinga ya kwanza ni chanjo. Tanzania ilianza kuitoa kwa majaribio katika mkoa wa Kilimanjaro mwaka wa 2014, kisha nchi nzima mwaka wa 2018. Na tangu Aprili 2024 msichana wa miaka 9 hata 14 huchanjwa mara moja tu badala ya mara mbili, tena bila malipo. Katika kuthibitisha kwamba sindano moja yatosha, Kanda yetu ya Ziwa ilikuwa na sehemu yake. Wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hata 14, walishiriki katika utafiti ulioanza mwaka wa 2017, na matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba karibu wote waliopewa sindano moja walijenga kinga dhidi ya aina zile mbili. Wao na wazazi wao waliombwa idhini kwanza, nao wakaitoa. Twalitaja neno hilo makusudi kwa kuwa Bibi Henrietta hakuombwa. Anayesema kwamba chanjo hii ni jambo la kigeni tulilowekewa bila kuulizwa, na ajue kwamba watoto wa Mwanza ni miongoni mwa waliowafundisha wataalamu wa ulimwengu.

Kuna uvumi ya kuwa chanjo hii hufunga uzazi. Si kweli. Ndani yake hamna virusi vilivyo hai. Mna mfano wa ganda lao la nje tu, ili mwili umjue adui kabla hajaja. Kinachoweza kumwondolea mwanamke uzazi ni saratani yenyewe. Nchini Uingereza utafiti uliotangazwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba kati ya wanawake vijana waliopewa nafasi ya kuchanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, saratani hii ilipungua kwa asilimia 87 ikilinganishwa na rika zilizotangulia chanjo.

Kinga ya pili ni kupimwa. Chanjo haiwaponyi waliokwisha kupata virusi. Kwa hiyo mama wa miaka 30 na kuendelea hana budi kupimwa, na mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema, tangu miaka 25, maana hatari kwake ni mara sita. Kipimo kinachotumika sana katika vituo vyetu ni cha siki. Muuguzi huchukua kipande cha pamba, zao letu hili hili, akakichovya katika siki isiyo kali, akapaka mlango wa kizazi na kungoja kama dakika moja. Palipobadilika hugeuka peupe. Hapakatwi kitu, wala halali mtu hospitalini. Mabadiliko yakionekana, na yakiwa ya kufaa kutibiwa hapo, hugandishwa kwa baridi kali au huchomwa kwa kifaa cha joto, mara nyingi siku ile ile, na mama hurudi nyumbani kwake. Kipimo cha siki hurudiwa kila baada ya miaka 3. Kiko pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli kwa mkono wake mwenyewe, mahali kilikofika.

Kinga ya tatu ni kutibiwa upesi. Saratani iliyogunduliwa mapema huweza kuponywa kwa upasuaji, au kwa mionzi na dawa. Matibabu hayo yapo katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, na huku kwetu katika Hospitali ya Bugando mjini Mwanza.

Serikali za ulimwengu zimekubaliana juu ya shabaha tatu za kufikiwa ifikapo mwaka wa 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na 45, na wenye maradhi 90 katika kila 100 wawe wametibiwa. Muda uliobaki ni mfupi, wala shabaha hizo hazitafikiwa Geneva zisipofikiwa kwanza katika vijiji vyetu.

Je, nini kinachomzuia mama asiende? Twataja mambo matatu. La kwanza ni aibu. Lakini muuguzi aliyezalisha watoto wa kijiji kizima hana jipya la kuliona, na mama aliyevumilia uchungu wa kuzaa hashindwi na kipimo cha dakika chache. La pili ni ruhusa. Wako akina mama ambao hawatoki nyumbani bila neno la mume, nao waume wengine huona ya kuwa kupimwa ni kukiri kosa. Ndugu zetu wanaume, twawasihi: ninyi ndio mnaoongoza maksai na mnaoshika fedha za msimu. Neno lenu moja, “Nenda kapimwe, nitabaki na watoto,” lina nguvu kuliko mabango yote ya barabarani. La tatu ni nauli. Siki si ghali. Iliyo ghali ni safari, na zaidi ni safari ya pili, pale mama aliyekutwa na mabadiliko makubwa anapoandikiwa barua ya kwenda mjini. Barua nyingi za namna hiyo huishia chini ya godoro. Nako kumpima mtu kisha kumwacha na barua asiyoweza kuitumia ni sawa na kumpimia mkulima pamba yake kisha kumnyima malipo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, hatukuja kusifu wala kulaumu, bali kuleta maombi manne, ili yawekwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao.

Ombi la kwanza: kila chama cha msingi kimwombe Mganga Mkuu wa Wilaya siku moja ya upimaji kila mwaka, ifanyike katika ghala la chama baada ya msimu wa kununua pamba, wakati ghala li tupu na mama ana nafasi. Pawe na chumba chenye pazia na mlango wa kufungika.

Ombi la pili: Chama Kikuu kitenge fungu dogo katika ziada yake ya kila mwaka, liitwe fungu la nauli, kwa ajili ya mwanachama, au mke au binti wa mwanachama, aliyeandikiwa barua ya hospitali. Asiombe kwa kupiga magoti. Apewe kwa haki, kama alipwavyo fedha za pamba yake.

Ombi la tatu: pawe na daftari linaloonyesha nani ameitwa, nani amekuja, na nani anangojewa hospitali. Majibu ya kipimo yasiandikwe humo, kwani hayo ni siri ya mwenyewe na muuguzi wake. Tumeonyesha katika miaka 10 hii ya kwamba twaweza kutunza hesabu za kilo bila kupoteza hata moja. Na tuwatunze watu kwa uangalifu ule ule.

Ombi la nne: wajumbe wa kila kijiji wasaidie kutaja wasichana wa miaka 9 hata 14, hasa wasiokwenda shule, maana chanjo hufuata shule, na mtoto achungaye ng'ombe au aleaye wadogo zake husahauliwa. Huyo naye ni binti yetu.

Hakuna katika maombi hayo linalopita uwezo wa Chama kilichojenga maghala na kulipa madeni yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu twauona sote. Tukutanapo tena katika sherehe ya miaka 20, Mwenyezi Mungu akitujalia, twataka kuona katika taarifa ya mwaka, pamoja na idadi ya marobota, idadi ya mama waliopimwa, waliotibiwa na kurudi shambani wakiwa wazima. Hiyo nayo itakuwa faida ya Chama, na kila mwanachama atakuwa na hisa ndani yake.

 Ushirika udumu.